Karatasi Niliyoiandika Saa ya Chakula

Nina miaka thelathini na mbili. Naishi Bigwa, chumba cha kupanga, na riziki yangu ni kutengeneza redio, chaja na feni mbovu za majirani. Sina mume, sina mtoto. Lakini msinione hivi mkadhani ndipo nilipoanzia... Nilikuwa mtu wa ofisini mimi, mwenye kiti cha kuzunguka na kompyuta mbili mezani!

Niiteni Zai. Naandika nikijua wapo watakaosoma wakanijua. Wanijue tu. Nimechoka kuogopa.

Nilifanya kazi kwenye karakana moja ndogo pale Morogoro mjini. Tulikuwa tunatengeneza vifaa vya kuwasha na kuzima pampu za wakulima wa Dumila, mashine za kutotolesha vifaranga, na mambo kama hayo. Kila kifaa kina chipu ndani yake, na chipu ina miguu mingi kama jongoo. Kila mguu lazima uuambie kazi yake. Wewe sikiliza, wewe washa taa, wewe piga king'ora.

Tabu yetu ilikuwa moja. Chipu za dukani hazifanani, leo unapata hii, kesho ile. Kila zikibadilika mimi naandika programu upya. Basi bosi wetu, tuliyemwita Injinia, akaniambia nibuni jedwali moja la miguu litakalofaa chipu yoyote ile. Maneno yawe yale yale, fundi ajaze tu, programu isome na kutii.

Jamani, nililibuni! Na kwa maringo yangu nikaliandika kwa Kiswahili kitupu, ili mafundi wanaokwenda kufunga vifaa vijijini wajaze wenyewe bila kunisumbua kwa simu. Mguu namba fulani, kazi yake hii. Halafu nikaweka safu moja nikaiita "vuta", na majibu yake matatu: juu, chini, au acha.

Hapo kwenye "vuta" naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo balaa lilipoanzia. Mguu wa chipu usiposhikwa na kitu unaning'inia tu, haujui usome nini. Kwa hiyo unauvuta ili utulie. Ama juu, kwenye umeme, ama chini, kwenye waya wa ethi, ule uendao ardhini. Ni hivyo tu. Kwangu mimi lilikuwa jambo dogo kama kusema chai ni ya moto.

Injinia alilitazama jedwali, akalisifu sana. Kisha akauliza, "Na ukurasa wa kueleza maana ya kila neno uko wapi?"

Nikacheka. "Injinia, Kiswahili gani hiki cha kumfafanulia Mswahili? Juu ni juu, chini ni chini!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Hata Sadiki alicheka.

Sadiki ndiye aliyekuwa fundi wetu wa kufunga vifaa. Mtu mzima, mpole, kazaliwa Kinole kama mimi. Nilipoingia karakana pale sijui hata kuyeyusha risasi kwenye waya, yeye ndiye aliyenifundisha, vidole vyake juu ya vidole vyangu, bila kunicheka hata nilipounguza meza. Nilimwita kaka. Na nilimaanisha.

Basi ikaja kazi ya mto wa kwetu Kinole. Anayeijua milima ya Uluguru anajua kwamba mvua inaweza kunyesha kileleni huku bondeni jua linawaka, na maji yakashuka ghafla kwa kishindo. Pale kwetu watu huvuka kwa magogo kwenda mashambani. Mama yangu ni mmoja wao. Shamba lake la ndizi na pilipili manga liko ng'ambo, na goti lake moja ni bovu, kwa hiyo anavuka polepole, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika. Mnaelewa sasa kwa nini kazi ile niliitaka kwa moyo wangu wote?

Tulitengeneza masanduku mawili yenye ving'ora. Moja la kufungwa kivuko cha mlimani, la pili kivuko cha magogo huku bondeni. Katikati pana kilima, king'ora cha mlimani bondeni hakisikiki. Kila sanduku lina boya mtoni. Maji yakipanda, boya linafungua swichi, mguu wa chipu unavutwa juu, king'ora kinalia. Hata waya ukikatika kinalia, nilikipanga hivyo makusudi kwa usalama. Kwa hiyo masanduku yote mawili yalitakiwa kujazwa neno moja tu. Juu.

Sasa nawauliza ninyi. Fundi umeme akisikia "vuta", anafikiri nini? Kuvuta waya! Na mtu wa Kinole akisikia "juu" na "chini"? Juu ni mlimani, chini ni bondeni. Ndiyo lugha yetu tangu tunazaliwa, ukimuuliza mtu anatoka wapi anakujibu natoka juu, nashuka chini. Sadiki akaelewa jedwali linamuuliza waya ameuvuta wapi. Sanduku la mlimani akajaza "juu". La magogo akajaza "chini"!

Na mguu ukivutwa chini, maji yapande yasipande, king'ora hakilii ng'o.

Siku ya kuzindua hakuna aliyegundua. Mlimani walinyanyua boya, kikalia. Bondeni jua lilikuwa limewachosha, wakabonyeza kitufe cha kujaribia sauti, nacho kikalia. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama yangu akanishika mkono mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye niliyemzaa! Sasa nitavuka bila hofu, king'ora cha mwanangu kitaniambia."

Karibu mwezi ukapita. Siku moja nikawa napitia majedwali yaliyorudi kutoka kazini, nikafungua la kule bondeni. Nikasoma. Nikasoma tena... "Vuta: chini."

Nilielewa papo hapo alichoelewa Sadiki, na nilielewa kwamba kosa si lake. Ukurasa mmoja tu wa maelezo ungetosha! Ukurasa niliouchekea.

Kwa nini sikusema? Jamani, kwa nini? Wiki ile ile Injinia alikuwa amenieleza kwamba watu wa Dar es Salaam wamelipenda jedwali langu, na kwamba mimi ndiye nitakayekuwa mkuu wa wabunifu. Niliona aibu. Nikajiambia nitapanda Jumamosi nibadilishe neno lile kimyakimya, nani atajua? Jumamosi ikaingia harusi ya jirani. Iliyofuata nikaumwa mafua. Mafua! Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nikaendelea kuuficha.

Mvua za kwanza zikaja. Asubuhi moja mwenyekiti wa kijiji alikuta takataka zimenasa kwenye nguzo ya bondeni, juu kupita boya, na hakuna aliyesikia king'ora. Wapo waliosema labda walilala fofofo. Yeye hakuridhika, akampigia simu Injinia, naye Injinia akalifungua jedwali la bondeni.

Injinia akaniita. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akaniuliza, "Zai, lile jedwali mwishowe uliliandikia maelezo?"

Hapo ndipo nilipopotea. Mdomo ukajibu kabla ya akili. "Yapo, Injinia. Nitakuletea baada ya chakula."

Wenzangu wakatoka kwenda kula. Mimi nikabaki, nikaandika ule ukurasa. Nikaandika vizuri mno, wallahi, haukuwa na kasoro! "Neno vuta halimaanishi mahali kifaa kilipo wala waya ulikopita..." Nikairudisha nyuma saa ya kompyuta ili ukurasa utoke na tarehe ya zamani. Nikauchapa, nikaukunja, nikaukanyaga kidogo sakafuni ili usionekane mpya. Mtu aliyesomeshwa kwa jasho la mama mwenye goti bovu, nakanyaga karatasi kwa kiatu!

Injinia akamwita Sadiki, akamwekea karatasi mbele. Sadiki akaisoma yote kwa kidole. "Hii mimi sijawahi kuiona," akasema.

"Kaka Sadiki," nikamwambia, na sauti wala haikutetemeka, "nilikupa mwenyewe siku ile unapakia masanduku. Labda umesahau."

Nilitegemea atanitukana. Laiti angenitukana! Alinitazama tu, kama mtu aliyeamka mahali asipopajua. Kisha akamgeukia Injinia. "Kama Zai anasema alinipa, basi alinipa. Huyu hawezi kunidanganya."

Alifukuzwa siku ile ile, Alhamisi. Injinia akasema Jumatatu atatuma fundi mwingine kurekebisha, na akampigia mwenyekiti awatahadharishe watu.

Nilimpigia mama nimwambie asivuke. Sikuthubutu, maana angeuliza kwa nini. Nikaishia kusema, "Mama, kuwa mwangalifu na mto." Akacheka. Akaniambia mwenyekiti kapita nyumba kwa nyumba anasema kile king'ora hakifanyi kazi. "Wivu huo!" akasema. "Kitu kilichotengenezwa na mwanangu kisifanye kazi? Wasinichezee!"

Ndugu zangu, mama yangu alikuwa anavuka mto kwa ajili ya heshima yangu. Na mimi nikakata simu.

Jumamosi saa nne nilikuwa nafua nguo uani hapa Bigwa. Jua kali. Nikainua macho kutazama mlima... mweusi tii! Wingu limekaa kileleni zito, radi zinapiga humo ndani. Nguo ikaniponyoka. Nikapiga simu ya mama. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikatoka na ndala zangu hivyo hivyo, nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva Kinole, na asisimame popote.

Njia nzima nilikuwa nasoma dua, nakosea, naanza upya. Nilimwahidi Mungu kila kitu. Matone yakaanza, kisha mvua yenyewe, pikipiki inateleza kwenye utelezi mwekundu, dereva anataka tujikinge, mimi nampiga mgongoni twende, twende!

Karibu na kijiji tukakutana na wanawake wawili wanateremka mbio. Wakapiga kelele kwamba maji yamekuja pale kwenye magogo, yamekumba watu. Watu gani? Mama mmoja mtu mzima, wakasema, na fundi wa king'ora.

Nilishuka kwenye pikipiki nikakaa matopeni. Nilijua nimemuua mama yangu. Kwa neno moja la herufi nne, vuta, na kwa karatasi moja niliyoikanyaga. Dereva ndiye aliyeninyanyua akanirudisha kitini.

Mama alikuwa hai!

Nilimkuta kwenye kibaraza cha nyumba ya mwanzo, amefunikwa khanga za watu, meno yanagongana. Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama Sadiki, aliyelazwa kando yake juu ya mkeka, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kilicholowa damu.

Sadiki alikuwa amepanda mwenyewe asubuhi ile. Hakutumwa na mtu. Alimwambia mwenyekiti kwamba kosa ni lake na hawezi kulala huku watu wanavuka. Alikuwa ndiyo kwanza afungue sanduku aliposikia mto unanguruma. Akamwona mama katikati ya magogo, na goti lake. King'ora kimya. Akaingia, akamsukuma mpaka ukingoni, gogo likabiringika likamsaga mkono kwenye jiwe.

Hospitali walimkata vidole vitatu. Vile vile vilivyonifundisha kazi.

Nilifikiri hofu imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza...

Mama alimgeuza Sadiki mtoto wake. Alipotoka hospitali alimkaribisha yeye na mkewe nyumbani kwetu, akawa anamlisha kwa mkono wake. Na katika maongezi Sadiki akamweleza habari za ile karatasi. Hakunitaja. Alisema tu kwamba ofisini ilionekana karatasi aliyopewa akaisahau, na kwamba amepekua begi lake mara nyingi, amemuuliza mke wake, amejiuliza mwenyewe, mpaka ameanza kuhisi anachanganyikiwa. Anaogopa asije siku moja akasahau jina la mwanawe.

Mama yangu ni mtu wa zamani. Akaelewa mara moja. "Hujachanganyikiwa wewe. Kuna mtu kakuchezea."

Siku ile jioni akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Mwanangu, Ijumaa baada ya swala tunasoma albadiri. Nimeshazungumza na mashehe. Aliyemfanyia Sadiki hivi, awe yeyote yule, dua itamfuata hapo alipo. Na wewe uje, uitikie amin."

Kwetu albadiri si mchezo! Anasomewa dhalimu asiyejulikana, na kila mtu ana habari ya fulani aliyesomewa akavimba tumbo, na fulani aliyekimbia mtaa akiongea peke yake. Na hapa ni mama yangu mzazi, kwa kinywa chake, ananialika niitikie amin juu ya kichwa changu mwenyewe!

Siku nne zile sikula. Kichwa kikiniuma kidogo, nasema imeanza. Nikikohoa, nasema imeanza. Nilifungasha begi nikimbilie Dodoma, nikafika stendi, nikasimama kama mti. Dua inakata tiketi? Ningejificha wapi? Nikageuza.

Ijumaa nilikuta uwanja wa nyumba yetu umefagiliwa, majamvi yametandikwa, ubani unafuka. Mashehe watatu wamekaa, vitabu mapajani. Sadiki ameegemea ukuta, mkono umetundikwa shingoni, mkewe pembeni yake. Majirani wamejaa. Mama akaninyooshea nafasi karibu naye. Nikakaa.

Shehe mkubwa, kama ilivyo desturi, akatoa nafasi ya mwisho. Akasema dua hii ikishafunguliwa haifungwi, kama yupo anayejijua, au anayemjua, aseme sasa. Watu wakatazamana. Shehe akavuta pumzi, akasema, "Bismillahi..."

"Ni mimi!"

Sikujua kama nimepiga kelele. Niliona tu watu wote wamenigeukia. Nikaanguka kifudifudi kwenye jamvi nikasema yote, bila mpangilio. Jedwali, kicheko, ukurasa, saa ya kompyuta, kiatu. Nikasema Sadiki hakusahau kitu chochote, akili yake ni nzima, mimi ndiye niliyemdhulumu.

Mke wa Sadiki alianza kulia kwa sauti. Lakini Sadiki... Sadiki alifumba macho akashusha pumzi ndefu, akasema taratibu, "Alhamdulillahi. Kumbe sikuisahau."

Neno lile lilinichoma kuliko matusi yote ya dunia. Mtu amepoteza vidole, amepoteza kazi, na anashukuru kwamba hajawa mwendawazimu!

Nikamshika mama miguu. Akaivuta. Akamtazama shehe mkubwa, uso mkavu, akasema, "Someni."

Shehe akasema, "Bi mkubwa, mwenyewe kajitokeza. Na ni damu yako."

"Nimesema someni!"

Mimi nikajikunyata nikingoja. Ndipo Sadiki akajikokota kwenye jamvi, akanyoosha ule mkono wake mbovu, akafunika kitabu cha shehe. "Mama, usinisomee mtu. Sitaki adhurike. Nataka Jumatatu aende kwa Injinia, ayaseme haya haya, kwa mdomo huu huu."

Nilikwenda. Nilisema mbele ya karakana nzima, na safari hii hakuna aliyecheka. Nilifukuzwa, haki yangu. Sadiki aliitwa kazini tena. Kushika vitu vidogo hawezi, lakini hakuna jedwali linalotoka pale mpaka yeye alisome kwanza, neno kwa neno, aulize hili maana yake nini na lile maana yake nini. King'ora cha bondeni kinalia. Sijakwenda kukisikiliza.

Mama alikaa miezi bila kunisemesha. Siku aliponisemesha, nilikuwa nimempelekea mchele na mafuta ya taa, alipokea, akaweka chini, akaniambia, "Yale maji nimeshayasamehe, Zainabu. Wewe bado."

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi wenye vichwa vyepesi, mnaoandika mambo watu wengine wayafuate. Usiseme neno linajieleza. Neno halijielezi, mwenzio analisikia kwa masikio ya kwao. Liandikie maana yake, hata wakikucheka. Na ukikosea, nakuomba kwa magoti yangu mawili, sema siku ile ile, aibu ikiwa bado ndogo. Mimi ningesema siku ya kwanza, ningechekwa asubuhi, na mchana tungekuwa tunakunywa chai na Sadiki.

Sasa hofu yangu imebaki moja. Mama anazeeka, na magoti sasa ni mabovu yote mawili. Kila simu ikiita kutoka Kinole naipokea nikiogopa kuambiwa ameondoka kabla hajanisamehe.